Kinyonga wa Maungu



Wiki hii naomba radhi kwa wale waliozoea kukuta katika ukurasa huu mambo ya ndoa, mirathi na malezi. Nitawapeleka bara kidogo, hadi Maungu, kwa swali ambalo sikudhani kuwa nitaulizwa maishani mwangu: daktari wa kinyonga anapatikana wapi?

Maungu ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kama kilomita 30 kabla ya kufika Voi kwa atokaye pwani. Wengi wetu twaujua kwa kupita tu: gari husimama, mtu akanunua maji na ndizi, akaswali, safari ikaendelea. Madereva wa malori ndio wenyeji wa usiku. Lakini nyuma ya maduka na nyumba za kulala wageni kuna nchi nyingine kabisa, nchi ya miiba na udongo mwekundu, inayoenea hadi Rukinga na mlima Kasigau. Tsavo Mashariki iko upande mmoja, Tsavo Magharibi upande wa pili, na tembo hupita katikati, na mashamba ya watu hulipa gharama ya mapito hayo. Huko ndiko alikoolewa binti yangu wa pili.

Mwanawe wa kiume ana miaka 9. Katika likizo ya Disemba, siku mbili kabla sijafunga safari ya kuwazuru, alichukua simu ya mamake akanipigia baada ya Isha.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, ila kinyonga wangu ndiye mgonjwa. Leo siku ya tano hali kitu. Babu, utamjia na dawa?"

Nilikuwa na jibu jepesi la kumpa, na jibu hilo nilikwisha kulitoa mara moja. Mwaka uliotangulia, katika ziara kama hii, mtoto huyu huyu aliniletea kinyonga mdogo mkononi. Macho yake, yale macho ya mviringo yanayozunguka kila moja kwa njia yake, yalikuwa yamezama ndani ya fuvu. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nasoma, nikamwambia, "Huyo ni mdudu tu, mwanangu, mtupe nje." Hakumtupa. Alimweka ndani ya kikapu, na alfajiri tulipoamka kwa swala alikuwa amekufa. Mtoto hakulia mbele yangu. Alikwenda kulia kwa mamake. Macho yaliyozama, kama nilivyokuja kujua baadaye, ni dalili ya kiu. Huenda matone machache ya maji yangetosha. Sikumwambia mtu neno, lakini jambo lile lilinikaa. Kwa hiyo safari hii nilipoulizwa nilisema, "Ngoja nije, tutamtafutia daktari."

Nilipofika nilimkuta mgonjwa ndani ya ndoo ya plastiki iliyofunikwa wavu wa mbu. Alikuwa wa ile aina tunayoijua sote kutoka Lamu hadi Vanga, na bara pia: mkubwa kiasi cha kujaa kiganja cha mtu mzima, ana vikunjo viwili vya ngozi nyuma ya kichwa kama masikio ya kutandaza. Wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Rangi yake ya majani ilikuwa imeingia weusi. Tumbo lilikuwa limevimba pande zote mbili. Hakutulia hata kidogo. Alizunguka chini ya ndoo akikwaruza plastiki kwa miguu ya mbele, akasimama, akakwaruza tena. Mtoto alikuwa amemwekea panzi watatu na maji katika kifuniko cha chupa. Panzi walikuwa hai bado, na maji hayakuguswa.

"Ulimpata wapi?"

"Barabarani, Babu. Alikuwa anavuka, anakwenda hivi, anarudi nyuma, anakwenda hivi." Akanionyesha kwa mkono ule mwendo wa kuyumba kama jani. "Lori lilikuwa linakuja. Nikamtoa kwa kijiti."

Barabara ile hata mimi sivuki bila ya kusoma dua. Mamake alipotajiwa lori alishika kichwa, na kijana akapata karipio lake papo hapo, la haki kabisa.

Mavyaa wa binti yangu, mama mtu mzima mwenye heshima zake, hakupendezwa na mgeni huyu tangu siku ya kwanza. Alisema kinyonga ni mkosi nyumbani, na kwamba isitoshe kumwua kuna thawabu. Hili la thawabu nimelisikia pwani tangu utotoni, na nimeona watoto wakiwapiga vinyonga mawe kwa itikadi hiyo, kwa hiyo nilikaa naye kwa adabu nikamweleza. Hadithi iliyokuja katika mlango huu inamtaja mnyama ambaye Waarabu humwita wazagh, naye ni mjusi wa ukutani na jamaa zake. Kinyonga ana jina lake jingine katika Kiarabu, hirbaa. Kamal al-Din al-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, aliyekusanya habari za wanyama katika kitabu chake Hayat al-Hayawan, amempa kila mmoja mlango wake. Waarabu wa jangwani walimjua hirbaa kwa tabia ya kuligeukia jua popote lilipo, na jambo hilo ni kweli, kwani kinyonga hana joto lake mwenyewe, hulichota juani. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya Shekhe, lakini asiingie jikoni kwangu." Katika hilo alikuwa na haki zaidi ya alivyojua, nami nitalirudia.

Jumatatu asubuhi tulipanda matatu kwenda Voi, mimi, mjukuu na ndoo.

Mtu angedhani kuwa hakuna mahali pepesi pa kumpata daktari wa wanyama wa porini kuliko Voi. Makao makuu ya Tsavo Mashariki yapo hapo. Tangu mwaka 2003 kuna kikosi cha matibabu kinachozunguka Tsavo, madaktari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, wakigharimiwa na wakfu wa Sheldrick. Hao huwalaza tembo kwa sindano, wakawakata nyaya za mitego miguuni, wakawasafisha vidonda vya mishale. Ndama wa tembo waliofiwa na mama zao hulelewa papo hapo Voi hadi waweze kurudi porini. Tembo mzima ana uzani wa tani kadhaa. Mgonjwa wetu hakuzidi sana yai la kuku.

Tulianzia palipo karibu, katika duka la dawa za mifugo, yale maduka ambayo wenyewe huyaita agroveti. Kijana aliyekuwa kaunta alitusikiliza kwa upole, akatazama ndani ya ndoo, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akasema tumbo lililovimba ni minyoo. Akateremsha chupa ya dawa ya mbuzi, ivamektini, akasema tumpe tone moja. Nilimwuliza tone moja kwa kipimo gani, maana chupa iliandikwa kwa kilo za uzani na mnyama wetu hakufikia hata robo ya kilo. Akasema, "Kisia tu, Shekhe." Nilirudisha chupa kaunta. Nashukuru kwamba nilifanya hivyo, kwa sababu baadaye niliambiwa na anayejua kuwa dawa hiyo hiyo imejulikana kuwaua kobe, na kwa vinyonga nayo ni ya hatari ikizidi kipimo. Simlaumu yule kijana. Alifundishwa mbuzi.

Afisa wa mifugo tuliyemfuata baada ya hapo alikuwa mkweli zaidi. Alisema masomo yake yalikuwa ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku na mbwa, na kwamba kinyonga kwake ni kama yai la mbuni kwa mpishi wa mahamri. Akatupa nambari ya daktari mmoja wa Mombasa anayetibu paka na mbwa wa majumbani.

Niliongea na daktari huyo nikiwa nimeketi kwenye benchi la stendi, mjukuu amekumbatia ndoo. Kwanza alisema kuwa hawatibu wanyama watambaao. Kisha, labda kwa kusikia sauti ya mtoto, akaanza kuuliza. Amekunya lini? Sehemu nyeupe ya kinyesi ni nyeupe kweli au imekuwa ya rangi ya chungwa? Anaachama kinywa kama anayetafuta pumzi? Mate yanamtoka? Akishika kijiti anashika kwa nguvu au miguu inapinda? Tumbo limevimba sawasawa au upande mmoja?

Mtoto alijibu yote. Mimi nilikuwa nikipokeza tu.

"Na ni jike au dume?"

Tulitazamana. Hakuna aliyejua. Daktari akasema dume wa aina hiyo ana kijiba kidogo kama kisigino cha jogoo katika miguu ya nyuma, na jike hana. Tukageuza, tukatazama. Hakikuwepo. Akasema ngoja amwulize mwenzake aliyewahi kufanya kazi na nyoka na mijusi, atupigie jioni. Akaongeza neno moja kwa sauti ya chini: "Shekhe, mnajua kwamba kisheria hamfai kuwa naye?"

Sikujua. Nilijua habari za meno ya tembo na pembe za kifaru, kama kila mtu. Lakini Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haitazami ukubwa wa mwili. Kumweka mnyama wa porini bila ya kibali ni kosa. Wasomaji wanaodhani hili ni neno la vitabuni wakumbuke kuwa mwaka 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji walikutwa hapa Kenya na sisimizi wapatao 5,000 ndani ya vichupa, na mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja. Sisimizi, ndugu zangu. Hata mpakani na bandarini kinyonga analindwa, kwa kuwa jamaa yote ya vinyonga wetu imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vya porini.

Wako waliowapa watu sababu ya kuweka sheria kama hizi. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka nyanda za juu za Kenya, wale waitwao wa Jackson, walisafirishwa hadi visiwa vya Hawaii ili wauzwe dukani. Mwenye duka aliwaachia katika bustani ya nyumba yake wapate nafuu ya safari, nao wakatawanyika; uzao wao umejaa huko hadi leo. Huko Marekani kinyonga ni mnyama wa kufugwa katika vyumba vya kioo, chini ya taa maalumu, na kwa hiyo wapo madaktari waliosomea watambaao peke yao na wana chama chao. Nilipolisikia hili nilicheka kwa uchungu: kinyonga wa Meru aliyepelekwa utumwani ana daktari, na wa Maungu aliye kwao hana. Baadaye, nikiwa narudi, nililiwaza upya. Daktari hutokea mahali penye wafugaji. Sisi hatuna daktari wa kinyonga kwa sababu kinyonga hakukusudiwa kuwa ndani ya nyumba zetu, na karibu kila ugonjwa niliotajiwa siku ile, mifupa kulegea kwa kukosa kalsiamu na jua, macho kuvimba kwa kukosa vitamini, kinywa kuoza, kiu iliyofika kwenye figo, ni ugonjwa unaompata akishafungiwa.

Vitabu vyetu vya fiqhi vya madhehebu ya Shafii vina mlango wa nafaqa, na ndani yake mna nafaqa ya wanyama: mwenye mnyama akishindwa kumlisha na kumnywesha hulazimishwa kumwuza, au kumchinja ikiwa ni wa kuliwa. Tena sote twaijua hadithi ya yule mwanamke na paka, aliyemfunga asimlishe wala asimwache atafute chake. Upande wa pili, wanazuoni wametoa ruhusa ya mtoto kucheza na ndege kutokana na habari ya Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na kindege, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akimwuliza habari zake. Huruma ya mtoto kwa kiumbe ni kitu cha kulindwa. Ila mtoto hajui kwamba kinyonga hanywi katika kifuniko cha chupa. Hawatambui maji yaliyotulia; hulamba matone yanayoteremka juu ya majani, umande na mvua. Mjukuu wangu alikuwa akimwekea maji safi kila asubuhi kwa mapenzi yote, na mnyama akizidi kukauka.

Tulirudi Maungu adhuhuri, tukiwa na nambari mbili za simu na hofu mpya. Mjukuu alikuwa amesikia neno sheria. Njia nzima aliniuliza kama askari watamchukua mamake.

Nilipiga simu kwa afisa mmoja wa wanyamapori, nikasema ukweli wote pasipo kuficha jina wala mahali. Mnaosoma haya mkiwa na kobe uani au tumbili kwenye kamba, nawaambia kuwa ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Afisa alisema mtoto aliyemtoa kiumbe barabarani hakutenda ubaya, ubaya ni kumgeuza wa nyumbani. Ikiwa ana nguvu, arudishwe pale pale alipookotwa, si mahali pengine pazuri tunapopachagua sisi. Ikiwa hana nguvu, apelekwe Voi kwao.

Neno la pale pale alipookotwa lina uzito katika wilaya ile. Juu milimani Taita, katika misitu iliyobaki ya Ngangao na Mbololo, kuna kinyonga mwingine, mdogo, dume wake ana vipembe viwili bapa puani. Hapatikani kwingine duniani isipokuwa Milima ya Taita. Wataalamu walimpa jina mwaka 2002, na sasa huitwa Kinyongia boehmei. Tazameni, Kinyongia: neno letu la Kiswahili limeingia katika daftari za elimu ya dunia nzima, na wengi wetu hatuna habari. Kinyonga huyo amezoea ukungu na baridi. Watoto wa Wundanyi wakimteremsha hadi Voi awe zawadi kwa binamu zao, joto humwua. Na kinyonga wa Maungu akipelekwa juu kule naye hatafika mbali.

Lakini swali letu lilibaki: huyu ana nguvu au hana?

Jioni, kabla daktari hajapiga, alikuja jirani kurudisha sufuria. Ni mama wa Kitaita, mzee, mkunga wa jadi ambaye nusu ya vijana wa mtaa ule waliingia duniani kwa mikono yake. Alitukuta tumekaa kuizunguka ndoo kama watu wa matanga. Aliinama, akatazama kwa muda bila ya kusema. Kinyonga alikuwa akikwaruza chini, akikwaruza, akisimama.

"Shekhe," akasema, "huyu si mgonjwa. Huyu ana uchungu."

Hatukumwelewa.

"Kuku akitaka kutaga hufanya nini? Huzunguka, hakai, hali. Huyu anatafuta udongo nanyi mmempa plastiki."

Binti yangu alitia mkono kinywani. Ana watoto watatu, na wa mwisho alimhangaisha siku mbili. Akasema, "Subhanallah. Siku tano?"

Hapo ndipo habari yote ilipofunguka. Kinyonga wa aina hii huishi mitini na hana shughuli ya kushuka chini. Jike hushuka wakati wa kutaga, akatafuta udongo wenye unyevu, akachimba shimo refu kwa miguu na kichwa, akataga humo mayai 20, 30 au zaidi, akafukia, akarudi mtini. Mvua za vuli zilikuwa zimelainisha ardhi. Yule tuliyemwokoa barabarani alikuwa njiani kwenda kujifungua, na wema wetu ukamkatiza.

Daktari alipopiga nilimweleza kauli ya mkunga. Alinyamaza, akasema, "Mpe salamu zangu huyo mama. Amewashinda madaktari wawili." Mwenzake alikuwa amesema vivyo hivyo. Jike akizuiwa kutaga, mayai humkwama, na hapo huhitaji sindano au upasuaji, na asipopata hufa. Tumpe udongo wa kina, mbichi lakini usiowamba maji. Tumwondolee macho ya watu, kwa kuwa akijiona anatazamwa huacha kuchimba. Ikiwa hadi kesho magharibi hajachimba, na ameanza kufumba macho mchana, tusingoje, tumkimbize Voi usiku huo huo.

Ndoo ya udongo aliikataa. Tukampeleka chini ya mwarobaini ulio nyuma ya nyumba, ambako maji ya kunawia humwagwa na ardhi ni laini. Baba mtu alizungusha mabati manne ili kuku na paka wasimfikie. Mkunga alifukuza kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Alisema wanaume na uchungu wapi na wapi. Niliswali Magharibi, nikaswali Isha, nikakaa barazani na tasbihi yangu, na sitadanganya, dua yangu nyingine ilikuwa ya kinyonga. Mtoto alikuwa amelala juu ya mkeka karibu nami, amegoma kuingia chumbani. Nilimtazama nikamkumbuka yule wa mwaka jana ndani ya kikapu.

Binti yangu alichungulia kwa tochi mara moja tu, karibu na saa nne za usiku. Aliona mkia peke yake ukitoka ardhini.

Alfajiri shimo lilikuwa limefukiwa na kinyonga yuko juu ya bati, mwembamba, ngozi imemkunjamana ubavuni kama nguo iliyovuliwa. Tulimweka kwenye tawi la mwarobaini, mjukuu akadondosha maji kwenye majani ya juu kwa kitambaa, tone kwa tone. Kinyonga alilamba muda mrefu. Siku ile alikula panzi mmoja, siku ya pili wanne, na rangi ya majani ikamrudia mgongoni.

Kabla sijamaliza, lile la jikoni nililoahidi. Kinyonga hana sumu, wala haumi isipokuwa akibanwa, na hata hapo ni kibano tu. Lakini watambaao wote huweza kubeba vijidudu vya salmonela pasipo kuugua wenyewe, na vijidudu hivyo huwadhuru sana watoto wachanga, wajawazito na wazee. Mtoto akimgusa, anawe kwa sabuni mara moja, na vyombo vya mnyama visioshwe katika karai la vyombo vya chakula. Akina mama mtakaomkuta barabarani au uani, mwondoeni kwa kijiti, apande mwenyewe, msimvute kwa mkia maana huumia vidole akiwa ameshikilia. Mwekeni upande ule aliokuwa akielekea. Akiwa na macho yaliyozama, mnyunyizieni maji majani yaliyo mbele yake na mumpe muda wa kunywa. Dawa za mbuzi, dawa za watu, mafuta ya taa na kila tulichozoea kukisia, msimpe. Mwenye jeraha au mlegevu ndiye wa kupigiwa simu KWS, na kuhusu watambaao kwa jumla pwani yetu ina watu wa Bio-Ken pale Watamu, waliokuwepo tangu mwaka 1980. Wanajulikana kwa habari za nyoka, ila elimu yao ni pana kuliko nyoka.

Siku ya tatu, baada ya Alasiri, tulimrudisha. Safari hii tulivuka barabara sote kwa pamoja, baba mtu akiwa mbele amenyosha mkono kuyasimamisha magari, na dereva mmoja wa lori akatoa kichwa dirishani kutazama msafara wa shekhe, mkunga na mtoto wenye tawi. Mjukuu alikumbuka hasa alikuwa akielekea upande gani. Alimweka kwenye kichaka cha mgunga, akangoja. Kinyonga alipanda hatua moja, akayumba, akapanda nyingine. Ilichukua muda mpaka tukampoteza kati ya majani, na mtoto akasema bado anamwona hata pale ambapo nina hakika hakuwa akimwona.

Mayai yamebaki chini ya mwarobaini. Daktari alisema hukaa miezi mingi, pengine yakaribie mwaka, na hayataki kufukuliwa wala kugeuzwa. Baba mtu aliondoa mabati, akayafunika mahali pale kwa matawi ya miiba. Ramadhani imeingia na kutoka, na kila Ijumaa mjukuu hunipigia kuniuliza ni mwezi wa ngapi sasa. Nimemwekea alama katika kalenda ya ukutani. Kuku wa mtaa, kwa bahati mbaya, wamegundua kuwa chini ya miiba ile kuna ubaridi, na huja kila adhuhuri kuparua. Binti yangu ananiambia kuwa anayewafukuza, kwa fimbo yake na maneno makali kuliko yote, ni mavyaa wake.